Dabi ya Kariakoo bila Wakariakoo

Siku ya dabi mji wa Karatu hugawanyika. Barabara kuu iendayo lango la Ngorongoro hupitwa na magari ya watalii kama kawaida, lakini madereva, mafundi gereji, wauza vitunguu wa Mang'ola na walimu wa sekondari huwa wamekwisha kuchagua upande: jezi za kijani na njano huku, nyekundu na nyeupe kule. Nilikuwa likizo nyumbani, nikaingia kibanda umiza kimoja karibu na stendi, nikalipa kiingilio, nikabanana na wenzangu kwenye benchi. Kabla ya mchezo kuanza, kijana wa miaka kumi hivi aliyeketi mbele yangu aligeuka.

"Shikamoo mwalimu. Hivi uwanja wa Kariakoo ni mkubwa?"

Nikamwambia kwamba Kariakoo hakuna uwanja wa namna hiyo. Mchezo aliokuwa akiusubiri ulikuwa unachezwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, wilayani Temeke. Simba wana viwanja vyao vya mazoezi Bunju, njia ya Bagamoyo, na Yanga hujifua Avic Town, Kigamboni, ng'ambo ya maji. Akafikiri kidogo, kisha akauliza swali lililonifanya niandike makala haya: "Sasa kwa nini inaitwa dabi ya Kariakoo?"

Jibu fupi ni kwamba klabu zote mbili zilizaliwa pale. Jibu refu ni historia ya namna mtaa ulivyozaa klabu, klabu zikakua kuliko mtaa, kisha fedha zikaubadili mtaa hadi watu waliozilea klabu hizo wakawa hawapo tena. Hoja yangu ni kwamba mtaa unapogeuzwa na bei ya ardhi, klabu kubwa haipotezi mashabiki. Inapoteza majirani. Hayo ni mambo mawili tofauti, na sisi wa Karatu tunapaswa kuijua tofauti hiyo kabla zamu yetu haijatimia.

Mtaa uliozaa klabu

Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, utawala wa Wajerumani ulikuwa umetenga eneo la magharibi mwa Dar es Salaam kwa ajili ya makazi ya Waafrika. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, walilitumia eneo hilo kuwa kambi ya wapagazi wao wa vita, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Ulimi wa wenyeji ukalitamka jina hilo Kariakoo. Hivyo mtaa ulianza kwa jina la watu waliobeba mizigo ya vita isiyokuwa yao, na ambao makumi ya maelfu hawakurudi makwao.

Utawala wa Kiingereza uliugawa mji kwa rangi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, huku uwanda wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo. Ndani ya mipaka hiyo Waafrika walijenga nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma, na baraza mbele. Mwenye nyumba aliishi chumba kimoja au viwili na vilivyobaki akavipangisha. Mzaramo, Mmanyema, Mnyamwezi na Mngazija walitumia ua mmoja na kisima kimoja. Hakuna ofisi ya serikali iliyowafundisha kuishi pamoja, bali walifundishwa na kuta nyembamba.

Ni katika vibaraza hivyo ndipo vijana walianzisha timu. Young Africans inahesabu kuzaliwa kwake kuanzia mwaka 1935. Mwaka uliofuata baadhi ya wanachama walijitenga na kuunda timu yao, ambayo ilipitia majina kadhaa, likiwamo Sunderland, kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971. Yaani utani tunaoushangilia leo ulianza kama ugomvi wa ndugu wa mtaa mmoja, watu walioendelea kununua samaki soko moja na kuzikana makaburi yale yale.

Wanahistoria wa siasa hupenda kutaja ofisi ya TANU ya New Street, ambao leo ni Mtaa wa Lumumba, kuwa chimbuko la uhuru. Mimi huwaambia wanafunzi wangu watembee kwa miguu kutoka hapo hadi Msimbazi, kisha hadi Jangwani kwenye makao ya Yanga. Ni mwendo mfupi. Wakati ambapo Mwafrika wa kawaida hakuwa na kura ya kumchagua mtawala wake, klabu zilikuwa mahali ambapo mchuuzi na karani waliweza kuchagua mwenyekiti, kudai hesabu za fedha na kumwondoa kiongozi aliyewachosha. TANU ilipoanzishwa Julai 1954, iliwakuta watu ambao tayari walikuwa na mazoea ya mikutano, kadi na michango.

Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, Sunderland ilitwaa ubingwa miaka miwili mfululizo, Cosmopolitan ikauchukua mwaka 1967, na Yanga mwaka 1968. Kwa miaka minne ubingwa haukutoka Dar es Salaam. Lakini Redio Tanzania ilikwisha kuanza kazi yake, na sauti ya mtangazaji ilizifikisha timu hizi mahali ambapo hakuna aliyewahi kuiona Kariakoo kwa macho.

Nyumba ya vyumba sita

Nilipoanza masomo ya chuo kikuu Mlimani, mwanzoni mwa miaka ya 2000, baba yangu mdogo alikuwa amepanga chumba Mtaa wa Sikukuu. Nilikuwa nikienda kwake mwisho wa juma. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa Kizaramo tuliyemwita Babu, Yanga wa kuzaliwa. Chumba cha mbele alikaa fundi cherehani kutoka Kigoma, Simba asiyekubali kushindwa. Kila jioni walibishana barazani, na kila asubuhi fundi alimpelekea Babu kikombe cha kahawa.

Jambo moja nililolishuhudia pale halijanitoka. Kiongozi wa klabu mojawapo, sina haja ya kusema ipi, alikuwa akipita mtaani akitoka msikitini. Babu alimsalimia, wakajuliana hali, kisha akamuuliza mbele za watu, "Mwanangu, mapato ya Jumamosi yamekwendaje?" Yule bwana alisimama. Alieleza makusanyo ya mlangoni, gharama za kambi na deni la basi. Hakufurahi kuulizwa, lakini alijibu, kwa sababu kesho yake angepita tena hapo hapo.

Miaka ile nyumba za mtaa huo zilikuwa tayari zinaanza kuanguka moja baada ya nyingine. Uchumi ulikuwa umefunguliwa tangu katikati ya miaka ya 1980, na bidhaa kutoka Dubai na baadaye China zilihitaji mahali pa kuuzwa. Kariakoo ikawa soko la Zambia, Malawi, Kongo na Komoro. Kiwanja chenye nyumba ya vyumba sita kilikuwa na thamani kubwa zaidi kikiwa kitupu kuliko kikiwa na nyumba. Babu alipofariki, warithi wake walikuwa wengi kuliko vyumba. Alikuja mtu mwenye mtaji akawapa njia mbili zinazojulikana na kila familia ya pale: kuuza moja kwa moja, au kuingia ubia, yeye ajenge ghorofa na wao wapate sehemu ya vyumba vya juu. Waliuza. Wawili walijenga Mbagala, mmoja Chanika. Wapangaji walipewa notisi ya miezi mitatu. Fundi wa Kigoma sikumwona tena.

Wasomi wa miji wana neno la Kiingereza kwa mabadiliko ya namna hii, lililoanza kutumiwa mwaka 1964 na mwanasosholojia Ruth Glass alipoeleza jinsi watu wa tabaka la kati walivyohamia mitaa ya wafanyakazi jijini London, wakakarabati nyumba, kodi ikapanda, wenyeji wakaondoka. Kisa cha Kariakoo kina tofauti mbili. Kwanza, fedha zilizoingia hazikuja kuishi, zilikuja kufanya biashara. Chumba cha fundi kimekuwa fremu, na anayeitaka fremu hutakiwa kulipa kilemba kabla hata ya kodi. Ghorofa za juu ni stoo na ofisi. Jioni maelfu ya waliofanya kazi mtaani hupanda mwendokasi kwenda Kimara na daladala kwenda Mbagala. Pili, wenye nyumba wengi hawakufukuzwa na mtu. Waliuza kwa hiari, na wengine walipata fedha ambazo wazazi wao hawakuziota. Walioondoka bila chochote ni wapangaji, nao ndio waliokuwa wengi.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Taifa zima liliomboleza. Nami, nilipokuwa nikifuatilia habari, niliona kwamba wengi waliokuwa wakitafutwa chini ya kifusi walikuwa wachuuzi, wauza duka na wateja, na kwamba ndugu zao walikuja mbio kutoka mitaa ya mbali. Mtaa ambao zamani ulikuwa na wenyewe sasa ulikuwa na watu waliofika kazini.

Mashabiki wengi, majirani wachache

Atakayesema kwamba klabu zimedhoofika kwa sababu ya mabadiliko haya atakuwa anasema uongo. Novemba 1993, nikiwa mtoto hapa Karatu, tulizunguka redio ya jirani kusikiliza fainali ya Kombe la CAF kati ya Simba na Stella ya Abidjan. Tulifungwa mabao 2-0 nyumbani, na wazee waliokuwa hawajawahi kufika Dar es Salaam walikwenda kulala bila kula. Kwa hiyo hata wakati Babu akiwa barazani kwake, klabu zilikuwa zimekwisha kuwa za nchi nzima. Uhusiano haukukatika mtaa ulipobadilika. Ulikuwa umekwisha kunyooshwa, na ukaendelea kunyooshwa.

Fedha pia zimeleta matunda. Desemba 2017 wanachama wa Simba walitangaziwa kwamba Mohammed Dewji ameshinda zabuni ya uwekezaji kwa shilingi bilioni 20. Mwaka 2021 haki za kuonyesha ligi ziliuzwa kwa Azam Media kwa mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikapoteza mbele ya USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini. Mwaka 2025 Simba ilifika fainali hiyo hiyo dhidi ya RS Berkane, na mchezo wake wa nyumbani ukachezwa Zanzibar. Mashabiki walivuka bahari wakaenda. Hiyo ndiyo nguvu ya klabu isiyotegemea mtaa.

Wala nisiupambe mtaa wa zamani kuliko ulivyokuwa. Baraza lilikuwa la wanaume, na wanawake walisikiliza kutoka uani. Wazee wachache waliweza kuiteka klabu kwa miaka. Ugomvi wa wanachama ndio ulioipasua Yanga katikati ya miaka ya 1970 hadi ikazaliwa Pan African. Wachezaji walicheza kwa mapenzi, wakastaafu kwa umaskini.

Lakini tuangalie kilichopotea. Mwezi Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa siku kadhaa wakilalamikia mambo ya kodi, hadi Waziri Mkuu akaenda kuzungumza nao Mnazi Mmoja. Tarehe 28 ya mwezi huo huo Yanga ilicheza mchezo wa kwanza wa fainali yake Temeke. Kariakoo ya soko na Kariakoo ya mpira zilikuwa kwenye habari mwezi mmoja, na hazikuwa na neno la kuambiana. Katika miaka ya 1950 jambo hilo lisingewezekana, maana aliyekuwa mwanachama wa klabu ndiye aliyekuwa mchuuzi, mpangaji na mwenye kadi ya chama.

Kanuni za serikali zinataka klabu za wanachama zibaki na asilimia 51 mikononi mwa wanachama hao. Ni kanuni njema. Hata hivyo, asilimia huhesabiwa kwenye karatasi, ilhali uwajibikaji wa Kariakoo ulikuwa wa ana kwa ana. Shabiki wa Karatu, nikiwamo mimi, anaweza kulipia king'amuzi, kununua jezi na kupiga kelele mtandaoni. Hawezi kumsimamisha mweka hazina anapotoka msikitini. Jirani ni mtu anayeweza kukuuliza swali na kesho akakuona tena. Shabiki ni mtu anayeweza kuzimwa kwa rimoti.

London walipitia hali hiyo hiyo. Mwaka 2016 West Ham iliuacha uwanja wake wa zamani wa Upton Park na kuhamia uwanja wa Olimpiki, na pale pa zamani pakajengwa nyumba za kuuza. Klabu ipo na mashabiki wapo. Waliobaki bila kitu ni wauza chakula na wenye baa wa mtaa ule, ambao Jumamosi zao zilikuwa na maana kwa sababu ya lango la uwanja.

Na Karatu je?

Simba na Yanga ziliondokewa na mtaa zikabaki na nchi. Timu ndogo haina nchi ya kukimbilia. Ikiondokewa na mtaa, imekufa.

Nasema hivyo kwa sababu nimeliona. Kitongoji chetu kilikuwa na timu isiyosajiliwa popote. Jezi zilinunuliwa kwa mchango, na mwaka mmoja mzee aliuza mbuzi wawili ili tukodi lori kwenda kucheza Oldeani. Tulicheza na vijana wa Rhotia na Mang'ola. Kiwanja chetu kilikuwa sehemu ya malisho ambayo wazee wa Kiiraqw walikubaliana tu isilimwe. Hakikuwa na hati, ramani wala muhtasari. Kilikuwa na makubaliano.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 barabara ya lami kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro ilikamilika. Ilikuwa neema, na sitamsikiliza anayesema vinginevyo, kwani mama zetu waliokuwa wakijifungulia njiani wanaijua thamani yake. Lakini lami ilileta hoteli na nyumba za wageni, na hizo zikaleta bei. Wapimaji walipofika kitongojini, waliona ardhi wazi isiyokuwa na jengo wala zao, wakachora viwanja. Hakuna aliyeiba, maana kila hatua ilikuwa na mhuri. Leo pana ukuta mrefu na maua mekundu juu yake, na geti ambalo hufunguliwa magari ya watalii yanapofika. Timu haikudumu hata misimu miwili baada ya hapo. Vijana wanaweza kutaja kikosi cha Yanga chote bila kukosea, lakini wakitaka kucheza hupanda bodaboda kwenda kutafuta uwanja.

Ni ardhi wazi kama hiyo iliyolea vipaji vya hapa. Filbert Bayi alizaliwa Karatu, na mwaka 1974 huko Christchurch alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Hakuna aliyempimia kiwanja. Alikuta pa kukimbilia.

Upande wa pili wa lango, katika hifadhi ya Ngorongoro, kuna mjadala mzito zaidi kuliko wa mpira. Wamasai walioondolewa Serengeti mwaka 1959 waliahidiwa makazi Ngorongoro, na tangu mwaka 2022 kaya nyingi zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Sitalimaliza suala hilo kwa aya moja. Naomba tu tuone kinachofanana: mahesabu yetu ya fidia yanajua kuhesabu ardhi, nyumba, mazao, usafiri na posho ya usumbufu. Hayajui kuhesabu ujirani. Kisichohesabika hupotea bila mtu yeyote kuandikwa kuwa amekipoteza.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, nina ombi moja la kawaida kabisa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, chini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kabla kijiji hakijamezwa na mji, mkutano huo uitwe, kiwanja cha michezo kitajwe kwa mipaka yake, kiandikwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, na kisomwe kwa sauti watu wakisikia. Arusha imepata mradi wa uwanja wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027, nami naufurahia. Lakini mtoto wa Karatu yuko kilomita zipatazo 140 kutoka hapo. Uwanja wake ni ule ulio nyuma ya shule, ambao bado hauna karatasi. Kwa wanafunzi: nendeni mkawaulize wazee kiwanja cha kijiji chenu kilitokana na makubaliano gani, na nani walikuwapo. Andikeni majina na miaka. Siku ya upimaji, muhtasari wa zamani ni shahidi.

Yule kijana wa kibanda umiza nilimjibu kwamba dabi inaitwa ya Kariakoo kwa sababu zamani wachezaji na mashabiki walikuwa wakikaa mtaa mmoja. Akauliza, "Sasa wako wapi?" Filimbi ikapulizwa, naye akageukia luninga. Nilishukuru kwamba hakusubiri jibu, kwa sababu swali lake la pili lingekuwa kuhusu kiwanja chetu.